Zamu ya Panzi

Mtu akinisimulia habari za nyumba yenye mambo, huwa namuuliza kwanza kama aliona mwenyewe au aliambiwa. Wengi wameambiwa. Mimi hili sikuambiwa. Limempata dada yangu wa tumbo moja, mchana kweupe, nami nimesimama pembeni yake na bisibisi mkononi. Na kosa, kwa sehemu kubwa, ni langu.

Mimi ni fundi wa redio, televisheni, pasi, feni na chochote chenye waya. Dada ni fundi cherehani. Tumegawana nyumba aliyotuachia mama: chumba cha mbele, upande wa barabara, ni karakana yangu, sebule ni ya kwake. Katikati kuna mlango ambao haujawahi kufunga vizuri. Dada amenikumbusha kuutengeneza tangu mwaka juzi, na kila akinikumbusha ninakuwa na haraka.

Jumanne moja nilikuwa nahangaika na feni ya dari ya sebuleni iliyogoma kuzunguka, nimeifungua mara tatu na kila nikiifunga inabaki skrubu moja mezani. Hapo ndipo Dada alipoingia na boksi lenye vumbi kutoka stoo ya mama.

"Fundi, hebu nitazamie hii. Bado inafaa?"

Ndani mlikuwa na mashine yetu ya gemu ya utotoni, pedi zake mbili, na kaseti moja tu tuliyowahi kuwa nayo, ile ya ninja. Karatasi ya picha ilikuwa imekwanguka yote. Yalikuwa yamebaki macho.

Gemu lenyewe ni la kizamani. Ninja mdogo anakimbia kutoka kushoto kwenda kulia, anaruka mapaa, anakata maadui kwa upanga. Mchezaji wa kwanza ni wa buluu, wa pili ni mwekundu. Kulielewa ni kazi ya dakika moja, kulivumilia ni kazi ya maisha. Hatua ya nne kuna pengo kati ya mapaa mawili. Ukiruka, mwewe anatokea usikotazamia, anakugonga kifuani, unaanguka. Ukimsubiri, haji. Ukiruka tena, huyo hapo. Katika nyumba yetu hakuna aliyewahi kulivuka.

Waliokuwa wakicheza hasa ni mimi na kaka yangu, tuliyemwita Panzi. Jina lilimkaa kwa sababu hakuweza kucheza ametulia. Ninja akiruka, naye anainua visigino kutoka sakafuni, ulimi kaubana kwenye pembe ya kushoto ya mdomo. Mimi nilishika pedi ya kwanza, yeye ya pili, na sheria yetu ilikuwa moja: ukifa, unapisha. Gemu lenyewe lilitaka hivyo. Wa buluu akianguka, mwekundu anaingia. Mwekundu akianguka, anarudi wa buluu.

Sasa niseme jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Nikiwa na miaka tisa na Panzi kumi na mitatu, siku moja niliangukia kwenye lile pengo mara sita. Hasira zangu hazikuanza leo. Nikainyakua pedi ya Panzi, maana yangu niliihurumia, nikaibamiza sakafuni. Kisha kabla ninja wake hajaingia, nikachomoa waya ukutani.

"Umeme umekatika," nikasema.

Jikoni, redio ya mama ilikuwa inaimba. Panzi akaisikiliza ile redio, halafu akanitazama.

"Zamu yangu umeila," akasema. Hakupaza sauti hata kidogo.

Usiku huo homa ikampanda. Alhamisi akapelekwa hospitali, Jumapili mama akarudi peke yake. Ni miaka ishirini na sita sasa.

Basi, nikaifungua mashine. Meno ya kaseti yalikuwa yameota ukijani. Tulikuwa na mazoea ya kuipuliza kila ikikataa, tukidhani tunatoa vumbi, kumbe tulikuwa tunaijaza unyevunyevu wa pumzi zetu. Nikayasugua kwa spiriti na pamba mpaka yakang'aa. Ikawaka mara ya kwanza. Nilijisikia fundi kweli, na Dada akacheka kuusikia ule muziki wa kelele. Akaiunganisha kwenye televisheni ya sebuleni ili awe anapumzisha macho baada ya kushona.

"Mbona umeweka wachezaji wawili na uko peke yako?" nikamuuliza.

"Mazoea," akasema. Pedi ya pili alikuwa ameilaza juu ya kigoda, pembeni yake.

Siku ya tatu, mnamo saa tisa alasiri, nikapita sebuleni kuazima mkasi. Cherehani ilikuwa imenyamaza. Gemu lilikuwa linaendelea. Dada amekaa mbele ya televisheni, mikono kaiweka mapajani, pedi yake iko sakafuni.

Aliyekuwa anakimbia ni ninja mwekundu.

Nikaitazama pedi ya pili juu ya kigoda. Vitufe vilikuwa vinabonyea na kurudi, vinabonyea na kurudi, tik, tik, na hakuna mkono.

"Dada, hiyo pedi ina shoti," nikasema. Hilo ndilo lililonijia. Fundi akikosa maelezo husema shoti.

Hakunijibu. Nikasogea mbele nimwone uso. Macho yalikuwa wazi, yametulia kwenye kioo. Ulimi kaubana kwenye pembe ya mdomo. Pembe ya kushoto.

Ninja mwekundu akafika kwenye pengo. Akaruka, lakini mruko ulikuwa mfupi, wa kuchelewa. Visigino vya Dada vikanyanyuka kutoka sakafuni. Mwewe akatokea. Ninja akaanguka. Visigino vikashuka.

Dada akavuta pumzi ndefu, ya mtu aliyetoka kupiga mbizi, akainama kuokota pedi yake.

"Zamu yangu," akasema. Halafu akaniona. "Ulikuwa unasema?"

Nikarudi karakana bila mkasi. Nilikaa nikitazama ile feni ya sebuleni na skrubu yake moja, na nilichokisikia zaidi, nawaambia ukweli, kilikuwa hasira. Nimezoea kitu kikiharibika kiharibike kwa sababu. Kuna waya umekatika, kuna kitu kimeungua, unakitafuta mpaka unakipata. Hiki nikigeuze vipi?

Kesho yake nilijibanza kwenye ule mlango usiofunga, na saa yangu mkononi. Dada akacheza, akafa. Mwekundu akaingia, Dada akaganda. Nikahesabu. Sekunde arobaini, mwewe, akaanguka. Dada akavuta pumzi. Safari ya pili ikawa dakika moja na nusu. Alikuwa anaishia palepale, kwa mruko uleule wa kuchelewa.

Safari ya tatu nilishindwa kuvumilia. Nikaingia, nikaichomoa pedi ya pili kwenye mashine.

Ninja mwekundu akasimama. Dada hakurudi. Nikamwita. Nikamtikisa bega. Kichwa kikayumba, macho yakabaki kwenye kioo. Mezani kulikuwa na uzi mweupe wa cherehani. Nikaukata, nikaushika chini ya pua yake. Uzi haukucheza. Nikahesabu mpaka ishirini. Ukacheza kidogo sana, mara moja, ukatulia.

Nikairudisha pedi haraka, jasho linanitoka. Vitufe vikaanza. Ninja akakimbia mpaka kwenye pengo, akaanguka, na Dada akarudi.

"Dada," nikamwambia, nimechuchumaa mbele yake. "Unajua kinachokupata?"

Aliinamisha kichwa. Alipojibu, alinong'ona.

"Namsikia akivuta makamasi. Unakumbuka alivyokuwa? Hata leo hana kitambaa."

"Hili dude naenda kulitupa."

"Ukilitupa, yeye utamwambia nini?"

Nikaishika mashine, nikaiacha.

"Anakufa palepale kila siku," Dada akaendelea. "Anakereka, Fundi. Kitufe chake cha kuruka hakishiki. Anakibonyeza, kinachelewa. Mtengenezee."

"Nani kakwambia ni kitufe?"

"Yeye. Nilimuuliza kimeharibikaje." Akanitazama kwa upole, na upole huo ndio ulionisimamisha nywele. "Akasema wewe unajua."

Siku tatu niligoma. Nilizima mashine, Dada akaiwasha. Nilificha kaseti kwenye droo ya vifaa, akaikuta. Nikimgombeza, ananisikiliza mpaka mwisho, halafu anasema, "Sawa, lakini mtengenezee." Na kila alasiri nasimama mlangoni na saa yangu, namtazama ninja mwekundu akifika kwenye pengo, akichelewa, akianguka. Yule aliyekuwa hodari kutuzidi wote anaanguka kwa sababu ya kitufe. Niliona aibu. Kidole changu chenyewe kilikuwa kinabonyeza hewa kumsaidia.

Jumatatu nikaichukua ile pedi.

Ukweli ni huo. Sikushikwa akili wala sikurogwa. Kitu kibovu kilikuwa mbele yangu, mwenyewe nilikivunja, na najua kukitengeneza. Nikaifungua. Mpira ulio chini ya kitufe cha kuruka ulikuwa umechanika katikati, kama uliobamizwa kwa nguvu. Nikatoa mpira mzima kwenye rimoti iliyokufa, nikaukata kwa wembe, nikausawazisha. Nikabonyeza. Kikaruka chini ya kidole, chepesi kama kipya. Sijawahi kutengeneza kitu vizuri namna ile.

Kitu kimoja sikukifikiria. Ni kitu ambacho hata mtoto angekifikiria.

Saa tisa alasiri Dada akakaa. Akacheza, akafa mapema. Nadhani alifanya makusudi. Mwekundu akaingia. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti, natabasamu, naona haya kusema lakini nilikuwa natabasamu. Akafika kwenye pengo. Visigino vya Dada vikanyanyuka. Mwewe akatokea.

Ninja akaruka juu yake. Akatua upande wa pili.

Nilipiga makofi. Peke yangu, sebuleni, mtu mzima.

Akaingia hatua ya tano, ambayo macho ya nyumba yetu hayakuwahi kuiona. Mapango, maji meusi. Hakugusa adui hata mmoja. Nikatazama saa. Dakika sita. Nikamtazama Dada, na makofi yakaniishia mikononi.

Visigino havikuwa vimeshuka.

Tangu lile pengo, havikushuka tena. Vilining'inia juu ya sakafu, nafasi ya kupitisha kidole. Nikauchukua uzi. Nikaushika chini ya pua. Nikahesabu mpaka thelathini na moja ndipo ukacheza.

Ukifa, unapisha. Na mimi nilikuwa nimemwondolea Panzi kilichokuwa kinamuua.

Hodi ikapigwa. Alikuwa jirani yetu, mwalimu, kafuata gauni lake.

"Za hapa? Bibie, gauni liko tayari?"

"Liko tayari," nikasema mimi. "Dada amezama kwenye gemu. Msamehe."

"Na sisi tunalalamika watoto," akacheka. Akasogea amguse Dada bega, akaangalia chini. Kicheko kikakatika. Akaninong'oneza bila kunitazama:

"Mbona visigino vyake havigusi chini?"

 Akarudi nyuma hatua mbili, akageuka, akatoka. Gauni lake bado linaning'inia ukutani kwetu. Hajalifuata mpaka leo.

Dakika kumi na mbili. Hatua ya sita. Nikakamata vidole vya Dada, vilikuwa baridi. Nikainyakua pedi ya pili nimzuie. Vitufe vilisukuma vidole vyangu, vina nguvu, vina haraka. Ningeweza kuivunja tena. Kazi ya sekunde moja. Lakini nilikuwa nimeshaona kinachotokea pedi ikikosekana: ninja anasimama, na Dada anabaki hukohuko. Nikairudisha kigodani.

"Panzi," nikasema. "Kaka, kosea kidogo tu."

Hakukosea.

Nikabakiwa na tumaini moja. Gemu lina mwisho. Akilimaliza, zamu itakuwa imekwisha, atatupisha. Nikapiga magoti karibu na Dada, uzi mkononi, nikaanza kumshangilia marehemu kwa moyo wangu wote. Twende. Ruka. Hapo hapo. Kata. Dakika kumi na tisa. Akafika kwa yule mkubwa wa mwisho, akampiga, yule akawaka na kupotea. Muziki ukabadilika. Ninja mwekundu akasimama juu ya mlima, jua linachomoza, maandishi ya hongera yanapanda taratibu.

"Umeweza," nikasema huku nalia. "Umeweza, kaka. Sasa nipishe."

Maandishi yakaisha. Kioo kikawa cheusi.

Kikawaka tena. Hatua ya kwanza. Maadui walewale, ila wako wengi zaidi na wana haraka zaidi. Magemu ya zamani ndivyo yalivyo. Ukiyamaliza, yanakurudisha mwanzo.

Na aliyekuwa anakimbia ni mwekundu.

Nikaushika uzi. Nikahesabu mpaka sitini. Haukucheza. Nikahesabu tena. Midomo ya Dada ilikuwa imeanza kupauka. Haukucheza.

Nilijua nafanya nini. Nilijua nilishalifanya. Nikatambaa mpaka ukutani.

Nikachomoa waya.

Kimya. Kilichosikika ni feni tu, ile ya skrubu moja, niliyokwisha kuitengeneza na kuirudisha darini, imening'inia juu yetu ikizunguka. Nilibaki na waya mkononi, nampa Dada mgongo, siwezi kugeuka.

Nikasikia pumzi ndefu. Ya mtu aliyetoka kupiga mbizi.

"Umeme umekatika?" Dada akauliza.

Ilikuwa sauti yake. Ilikuwa sauti yake kabisa. Nikageuka, nikalia kwa furaha, nikataka kumkumbatia. Lakini hakuwa ananitazama. Alikuwa amekinyanyua kichwa, anaitazama feni. Anaitazama ikizunguka. Kisha akayashusha macho taratibu mpaka kwangu, na ulimi ukatokeza kidogo kwenye pembe ya kushoto ya mdomo.

"Ndiyo," nikasema. Sijui kwa nini. "Umeme umekatika."

 Akainuka, akaenda kushona.

Hiyo ni miezi mitano iliyopita. Dada anakula, anashona, anasalimia wateja, na watu wananiambia hajambo kabisa, mimi ndiye niliyekonda. Nami nimeijaribu ile mashine kila siku. Nimesugua meno ya kaseti, nimebadilisha waya wa kuingiza umeme, nimepuliza hata pumzi kama zamani. Mashine inawaka taa, televisheni inabaki nyeusi. Nataka nimrudishie Panzi zamu yake, aicheze mpaka akosee mwenyewe, afe kwa haki, apishe. Ndilo jambo pekee ninaloomba. Nimefungua vitu vya watu wote wa mtaa huu vikapona, na hiki kimenishinda. Kuna siku nakipiga ngumi.

Wiki iliyopita mkanda wa kandambili za Dada ulikatika, akaniachia karakana nimfungie. Ni zile nilizomnunulia mwezi ule ule, baada ya siku ile, naye hazivui. Nikazigeuza juu ya meza, chini ya taa.

Mbele, kwenye vidole, zimelika hadi tundu limetokea. Nyuma, kwenye visigino, namba ya kiatu bado inasomeka, na kile kikaratasi cha dukani hakijabanduka.

Nimezifunga mkanda. Nimeziweka mlangoni kwake. Alipozivaa alinishukuru, akapita kuelekea cherehani, nami nikainama chini ya meza nikijifanya natafuta skrubu, ili nisitazame anavyotembea.